Chujio Lililovikwa Blanketi la Ndoa

'Makhahliso Ramokoatsi, binti wa Ramokoatsi aliyevusha ng'ombe arobaini katika theluji, naye mwenyewe mjenzi wa nyumba tatu za mawe hapa milimani Mokhotlong, alisumbuliwa na ndoo yake ya chujio la maji. Alilitundika karibu na paa, kwenye joto, maana kigae chake cha kuchujia kikiganda kwa baridi hupasuka. Sasa magoti yalimuuma kila alipopanda kigoda kulifikia, na mjukuu, aliyekunywa maji ya kijito yasiyochujwa, akaharisha. Bibi hakutulia. Alilishusha, akalipandisha, akalishusha tena. Mwishowe akaliweka kwenye ukingo wa udongo kando ya jiko, akalivika blanketi lake la ndoa.

"Mama! Blanketi la ndoa kwa ndoo?" Nthati, mke wa mwanawe, akacheka.

"Cheka tu. Baba mkwe wako alijifunika hilo miaka thelathini, na hakuganda. Kuanzia leo, jua likizama, wewe ndiye utakayelifunika chujio hili."