Niliulizwa Nani Ananipa Dawa

Serikali ilimkamata mzee wangu kwa sababu mimi nilikuwa wa manjano.

Sio mzaha. Macho manjano, viganja manjano, hata nyayo. Kama ndizi iliyoiva ikasahaulika jikoni.

Sasa naelekea miaka tisini. Wote nitakaowataja humu wameshazikwa, ndiyo maana naweza kusema. Kituo chenyewe sitakitaja jina. Kilikuwa upande wa Kenyenya, nyumba ya mabati, chumba kimoja, benchi nje. Wajukuu wa waliotibiwa pale bado wapo.

Naitwa Loice. Mzee wangu, Obadiah, aliyenizaa, alikuwa dresa wa kituo hicho. Zamani hizo dresa ndiye alikuwa kila kitu: anafunga kidonda, anang'oa jino, anagawa dawa. Watu walimwita daktari na yeye akikataa.

"Daktari yuko Kisii," alikuwa anasema. "Mimi nafunga bendeji tu."

Mama yangu, Kemuma, alikuwa anafagia kituo na kuchemsha maji ya kuoshea vidonda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla yangu alizaa watoto wengine, wote wakaenda na homa. Nilibaki mimi.

Basi, mwaka wa arobaini na saba, homa ikarudi.

Wee! Ilikuja na mvua, ikaingia boma kwa boma. Mtu anaanza kutetemeka akiwa amekaa juani, jioni hajijui hajitambui.

Serikali ikaleta vidonge vya manjano, vichungu kama nyongo, mkebe mkubwa umejaa. Ukivimeza kwa wiki kadhaa, na wewe mwenyewe unageuka manjano. Daktari mzungu alituma neno kwamba tusiogope. Ile rangi ilikuwa ishara kwamba dawa imeingia mwilini.

Mzee alivigawa kwa mkono wake mwenyewe.

Na bado watu walikufa.

Jirani yetu Bonareri alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mogire, rika langu. Tulikuwa tunateka maji pamoja, yeye akinitania kwamba mimi ni ndizi mbivu, nyani watanibeba. Homa ikamshika. Mzee akampa vidonge, akakaa naye mchana kutwa.

"Daktari, mbona mwili haupoi?" Bonareri alikuwa anauliza.

"Utapoa, mama. Hii dawa ni kali."

Haukupoa.

Tulimzika Mogire karibu na migomba ya kwao. Nilisimama pale na rangi yangu, watu wakinong'ona juu yangu. Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema nyongo yangu imepasuka, mimi ndiye nitakayefuata.

Sikuwa mgonjwa hata kidogo. Kila asubuhi nilikuwa napewa kidonge, nakimeza na kipande cha ndizi. Niliambiwa nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu.

Baada ya mazishi hayo mzee alikosa raha kabisa. Akapanda baiskeli yake hadi Kisii, akamwambia daktari mzungu waziwazi kwamba dawa haifanyi kazi.

Ndipo akaja Walter.

Walter alikuwa mkaguzi wa afya, Mwafrika mwenzetu lakini wa kutoka mbali, hajui neno la Ekegusii, lugha yetu. Kaptula ya kaki imenyooka. Kazi yake ilikuwa kuwasaka watu wanaochezea dawa za serikali.

Hakuanzia kituoni. Alimwomba chifu awaite sokoni wote waliotibiwa na waliobaki hai. Akawakalisha juani, akapita kwa mmoja mmoja. Anavuta kope, anaangalia jicho. Anafungua kiganja, anaangalia.

Bonareri alikuwa amekaa hapo pia, maana naye alikuwa amemeza vile vidonge.

"Unatafuta nini machoni mwetu?" alimuuliza, na mzee wangu akatafsiri.

"Natafuta dawa, mama," Walter akasema. "Na siioni."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa manjano.

Wakaingia kituoni. Walter akafungua ule mkebe, akaweka kidonge ulimini, akakitafuna. Tukaona uso wake umebadilika. Akatema kiganjani.

"Hii ni unga," akasema. "Unga na manjano ya kupikia, ya dukani."

Mzee akachukua kingine, akatafuna. Akakaa kwenye stuli.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimemletea chakula chake. Walter akainua macho, akaniona.

"Na huyu ni nani?"

"Binti yangu."

"Amewahi kuugua homa?"

"Hapana, Bwana."

Walter akanisogelea, akavuta kope langu. Hakuhitaji kuvuta, ukweli. Ningeonekana hata ng'ambo ya mto.

"Muulize nani anampa dawa."

Mimi Kiswahili sikukijua bado. Mzee akainama, akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu. Niliambiwa nisimwambie mtu, lakini aliyeuliza alikuwa mzazi wangu. Kwetu huwezi kumdanganya mzazi amekuinamia hivyo.

"Baba," nikasema.

Walter hakungoja tafsiri. Neno hilo alilijua.

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Akaniangalia, kisha akamwangalia mama aliyekuwa amesimama nje ameshika ufagio, kisha akarudi kwangu.

"Ni kweli, Bwana," akasema. "Ni mimi."

"Wewe? Wewe uliyekuja mwenyewe Kisii kulalamika? Huo ni ujanja gani?"

Mzee akafunika mkebe.

"Ufunguo wa mkebe anao nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Askari wa chifu wakamfunga mikono. Habari ilifika sokoni kabla yao. Walipopita, Bonareri aliokota bonge la udongo, akalirusha likampata mzee shavuni. Hakujipangusa. Alienda hivyo hivyo, shavu limechafuka, hadi barabara ikampoteza.

Alihukumiwa, akafungwa Kisumu.

Walter tuliambiwa alipongezwa. Vidonge vya kweli vikaletwa, watu wakawa manjano kijiji kizima, na homa ikapungua. Hilo lazima niliseme pia. Kazi yake aliifanya, watoto wengi walipona.

Mzee alirudi amekonda, nywele zote nyeupe. Kanisani kwetu walimwambia akae benchi la nyuma, baadaye wakamwambia asije. Akienda soko la Nyamarambe, wanawake wanawashika watoto wao mkono. Siku moja mtoto aliteleza mtoni akapasuka goti. Mzee akararua shati lake, akakimbia na kitambaa.

"Usimguse!" mama wa mtoto akapiga kelele.

Alibaki amesimama kwenye maji, kitambaa mkononi, mtoto anavuja damu hatua chache kutoka kwake. Yeye aliyejua kufunga kidonda kuliko sisi sote.

Sikuwahi kumsikia akijitetea.

Alifariki mwaka wa hamsini na saba. Mimi nilikuwa nimeolewa Nyacheki, nikaja na mtoto wangu mgongoni. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, na wengi walikuja kuangalia tu. Bonareri naye alikuja. Akasimama mbali, mikono ameifunga kifuani.

Kabla ya jeneza kushushwa, mama akasogea mbele. Nilidhani anataka kulia.

"Siku ile wakati wa homa," akasema, "mtoto wangu aliulizwa nani anampa dawa. Mnajua alijibu nini?"

"Alimtaja Obadiah," mtu akasema. "Tunajua wote."

"Hapana. Alisema *baba*."



Kila Mkisii aliyekuwepo alielewa papo hapo. Nyinyi mnaosoma mkiwa mbali, wacha niwaeleze. Kwa Ekegusii, mzazi wa kiume ni *tata*. *Baba* ni mama.

Nilimtaja mama yangu. Walter akasikia kwa Kiswahili chake. Na mkalimani, mzee wangu mwenyewe, aliyejua nimesema nini, hakutafsiri.

"Ni mimi," mama akasema. "Ufunguo ulikuwa unaning'inia ukutani kwetu. Akitoka na baiskeli, nafungua. Manjano nilinunua kwa Dahabo, yule Msomali wa duka la Kisii. Nikachanganya na unga na maji ya gome chungu, nikaviringa, nikaanika. Vya kweli nikampa huyu, nikamwambia Obadiah rangi hiyo ni nyongo imempanda mtoto, akaniamini. Vingine nikampelekea dada yangu, ana nyumba imejaa watoto. Nilikuwa nimeshazika wangu. Nikaapa huyu simziki."

Mimi nilijua tangu utotoni, ndiyo. Jioni ile ya kukamatwa nilimwambia mama kwamba wamekosea mtu. Alinifunika mdomo na kiganja chake, akalia hadi asubuhi. Na mzee aliporudi nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema, "Mama yako angefungwa, mimi ningebaki na wewe, nani angekulea? Kaa na mama yako." Ikawa hivyo.

Bonareri akaja mbele polepole. Watu wakampisha. Nilidhani atampiga mama, na hakuna ambaye angemzuia.

Hakumpiga. Aliuliza swali moja tu.

"Vidonge vya Mogire, nani alivimeza?"

 Mama akainua mkono, akaninyooshea mimi.

Bonareri akaniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. Akamwangalia mtoto wangu mgongoni.

"Huyu wako ni wa kiume?"

"Ndiyo, mama," nikasema. 

Akatikisa kichwa taratibu. Halafu akaenda kaburini, akachukua udongo mkono mmoja, akaumwaga kwa mzee wangu kwa upole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Obadiah," akasema, "nisamehe lile bonge."

Hapo ndipo watu walianza kulia.

Wiki iliyofuata mama alienda kwa miguu hadi kwa chifu kujisalimisha. Chifu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kesi hiyo iliisha, mama. Mtu alifungwa, akamaliza kifungo."

"Lakini hakuwa mwenye kosa."

"Rudi nyumbani."

Akarudi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna aliyewahi kumwadhibu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Naona siku hizi kwenye simu habari za dawa za hospitali kuuzwa kando, za watu kuandikiwa magonjwa ambayo hawana, serikali ikisaka, mtu akikamatwa tunashangilia. Sawa, washikwe. Lakini muulize vizuri kabla hujashangilia, tena umuulize mtu kwa lugha anayoielewa.

Na wewe unayefanya kazi kwenye chumba cha dawa, unayemfichia mwanao kidogo kwa sababu unampenda, jua dawa hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe amelala kwenye mkeka anaingoja.

Mama yangu hakuwa na roho mbaya. Alinipenda.

Aliyelia kwa sababu ya kupendwa kwangu ni Bonareri.