Kikombe Kimoja Kabla ya Vipimo

Siku ile zahanati tulikuwa watu sita, na majina yao ninayo yote, mpaka ya babu zao. Sitayaandika. Mjukuu wangu amenifundisha kwamba watu wa utafiti hawaandiki jina, wanaandika namba, ili mtu asichekwe na maradhi yake. Basi. Alikuwepo mwanangu wa pili, ambaye ndiye aliyekwenda kupimwa. Alikuwepo binti yake, yaani mjukuu wangu, daktari. Alikuwepo mwalimu wa huyo mjukuu, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka chuo kikubwa, mtu mwenye mvi za pembeni tu. Alikuwepo daktari anayesoma pamoja na mjukuu wangu, mjamzito wa miezi kama saba, yeye ndiye aliyeshika kalamu. Alikuwepo jirani yangu, tuliyehama naye kutoka Ushirombo kufuata dhahabu huku Geita, na ndiye mkunga aliyenizalisha mtoto wangu wa mwisho. Na mimi. Sita.

Mjukuu wangu alikwisha kuwa daktari zamani, lakini akarudi tena shule. Nilimuuliza, "Kwani hukufaulu?" Akacheka. "Nilifaulu, bibi. Sasa nasomea kuuliza. Asubuhi natibu, mchana nauliza kwa nini huyu haponi." Anauliza habari za mishipa ya fahamu, ile inayoumia na ile inayooza taratibu mtu akiwa mzima. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, lakini hilo nililielewa. Nilikuwa nalo nyumbani.

Mwanangu alichimba tangu ndevu zinaota. Mawe yakishasagwa, alichanganya unga wake na zebaki kwenye karai, kwa mikono mitupu, kisha akakamua kwa kitambaa, akabaki na kidonge cheupe kama jicho la samaki. Kidonge hicho hakukichomea mwaloni, kule wanakooshea mawe, maana macho yalikuwa mengi. Alikileta nyumbani, nikachoma mimi. Jikoni, mlango nimeufunga. Yeye alikaa kando yangu akipuliza moto, tukingoja weupe uishe na njano itokee. Moshi ule hauna harufu. Dhahabu ikipoa tulisogeza kikaango, tukabandika sufuria ya ugali kwenye mafiga yaleyale.

Miaka ilipita mingi. Kwanza alianza kumwaga chai. Halafu vifungo vya shati vikamshinda, nikawa namfunga mimi, mwanaume mwenye wajukuu. Wachimbaji wenzake walimpa jina la Jenereta. Akipita dukani wanasema, "Jenereta limewaka! Leteni simu tuchaji!" Naye alicheka nao. Akifika nyumbani anakaa na mikono ameikalia.

Mjukuu alipiga simu kwamba wanakuja kupima wachimbaji wa zamani wa kata yetu. Akanieleza pole pole, maana ananijua. Watakaokubaliwa watapelekwa hospitali kubwa kupigwa picha ya kichwa, watafundishwa mazoezi ya mikono, na watafuatiliwa miaka. Wale watakaokosa, wamekosa. Orodha ikijaa inafungwa.

"Baba yako atapona?" nikamuuliza.

"Sijui, bibi. Ndiyo maana tunauliza."

"Si utampima wewe?"

"Siruhusiwi. Daktari hapimi mtu wa damu yake. Atampima mwalimu wangu. Nitasimama tu. Na nisiseme neno juu yake."

Hapo ndipo akili yangu ilipopotea njia. Nilisikia 'mwalimu wake', nikaona mtihani wa mjukuu. Nikawaza: huyo mwalimu akimwona baba mtu anatikisika hivi, atasema ugonjwa uko kwenye ukoo, binti naye mikono itamgeuka, wamtoe masomoni. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Shinyanga. Kwetu ng'ombe haendi mnadani vilevile alivyoamka. Analambishwa chumvi, ananyweshwa maji, tumbo linajaa, mnunuzi anaona unene. Kila mtu anajua na kila mtu anafanya. Mgeni huonyeshwa upande wa nyama.

Basi nikamfundisha mwanangu. Mjukuu alikwisha kunitajia vipimo: kugusa pua kwa kidole, kutembea kisigino mbele ya vidole, kuchora mstari unaojizungusha kama gamba la konokono. Wiki mbili nzima tulichora konokono nyuma ya kalenda kuukuu. Nilimwonyesha namna ya kubana kiwiko kwenye mbavu. Jirani yangu alikuwa anachambua dagaa wa Nkome, anatutazama.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "hiyo si konokono, hiyo ni barabara ya Ushetu wakati wa mvua."

"Nyamaza wewe."

"Mpe kikombe kimoja cha gongo asubuhi hiyo. Kule maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, wanaotetemeka wanapewa, mkono unatulia kama umepigwa msumari."

Mwanangu hakuwahi kunywa pombe maisha yake yote. Baba yake alikuwa mlevi, nadhani ndiyo sababu. Alikataa. Nikamwambia, "Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya binti yako." Akanywa amesimama, macho ameyafumba, kama mtoto anayekunywa kwinini.

Zahanati alibana kiwiko, akachora. Sikupata kuona konokono mzuri vile kwake. Jirani akanifinya paja kwa furaha. Kisha mwalimu akainama kumtazama machoni kwa kile kitochi chake, akabaki ameinama hapohapo. Akanusa.

"Mzee, asubuhi hii umekunywa kitu?"

Mwanangu akanitazama.

"Kidogo," akasema.

Mwalimu hakumkaripia. Alikuwa mtu wa adabu, aliniamkia shikamoo kwa kuinama. Akageuka kwangu. "Bibi, wewe unaishi naye. Hunywa mara kwa mara?"

Nilimtazama mjukuu wangu. Alisimama dirishani, mikono nyuma, mdomo ameubana. Naye alikuwa amenusa. Nikaona usoni mwake kwamba ameamini. Ameamini baba yake hunywa kwa siri. Neno moja tu lilitakiwa: ni mimi. Lakini nikaliona lile neno likimwangukia yeye mbele ya mwalimu, kwamba bibi yako ni mdanganyifu. Nikatazama chini.

Mwalimu akamwambia mwenye kalamu, "Huyu hatuwezi kumchukua. Pombe nayo huua mishipa ya fahamu, hatutajua kilichomtetemesha ni kipi." Kalamu ikaandika. Mjukuu hakunionya habari za pombe, na simlaumu. Nani humwonya mtu juu ya jambo asilolifanya?

Nilimwambia ukweli alipokuja kuaga, akirudi masomoni. Aliyaacha maharage yakaungua jikoni. Akamwandikia mwalimu wake. Jibu likaja: orodha imefungwa, na hata ingekuwa wazi, konokono aliyefanyiwa mazoezi hapimi kitu. Wala mjukuu hakufukuzwa masomoni. Hakuna aliyewahi kufikiria kumfukuza. Niliogopa jambo lililokuwa kichwani mwangu tu.

"Bibi," alisema, "ule mtetemeko ndio tulioufuata. Wewe ukauficha."

Sasa mwanangu namlisha kwa kijiko. Waliochukuliwa ninawajua, namba na majina; wanapita hapa wakienda kufanya mazoezi ya mikono, wananisalimia. Sijui kama yanawasaidia. Mimi niliyechoma, niliyefunga mlango, sitetemeki. Mwandiko huu ni wangu. Nilimuuliza mjukuu kwa nini moshi ulimchagua mwanangu ukaniacha mimi, akasema hilo nalo halijaulizwa bado. Mwanangu ananiambia, "Mama, achana nayo. Hukutaka nichekwe." Anasema hivyo uji ukimchuruzika kidevuni.

Kuna jambo moja haliniachi. Ninakumbuka kwamba pale sikusema kitu, nilitazama chini tu. Lakini jirani yangu anasema nilitikisa kichwa kukubali, na siku nyingine anasema nilitamka kabisa, "Hunywa." Mwanangu amekataa kuniambia. Wewe mama uliyeshika kalamu, mtoto wako sasa atakuwa anatembea. Na wewe mwalimu, kama karatasi hii itakufikia: nimekosea wapi? Nirekebisheni. Karatasi yenu inasema nilijibu nini?