Simba Wawili wa Langoni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata shule ya sekondari niliimaliza kwa sababu ilikuwa karibu na kwetu. Kwa hiyo Katanga ilipojitenga, na sisi wa asili ya Kasai tukaambiwa turudi kwetu, nilidhani ni mzaha. Kwetu kwingine sikukujua. Nilizaliwa hapa hapa Elisabethville, na nyumba yangu ilikuwa Kenya, mtaa wa humu humu mjini.

Nyumba, kusema kweli, ilikuwa vyumba viwili. Lakini nilianza na lango. Mpita njia haoni kitanda chako, anaona lango: nguzo mbili, na juu ya kila nguzo simba wa saruji. Mke wangu alinicheka: "Baba, mulango ya mufalme, nyumba ya panya."

Vijana wenye mapanga walipoingia mtaani, tulikimbilia kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa kofia za buluu. Mtu wa nyumbani nikalala chini ya magunia.

Mmoja wa askari, mfunga vidonda, alikuwa Mhindi wa kusini. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake la dawa alibandika picha ya hekalu la kale la kwao. Lango lake lilikuwa mnara wa mawe, gorofa juu ya gorofa, limejaa miungu, mashetani na ng'ombe. Akanieleza, nami nikamfuata kwa Kiingereza changu cha shule kinachochechemea: kila mfalme aliongeza ukuta wa nje na lango refu zaidi, lakini katikati kabisa chumba cha mungu kilibaki kidogo, cheusi, bila dirisha. Hicho hakuna aliyethubutu kukigusa. Na langoni unavua viatu.

Nikamwita mke wangu. "Unaona? Hata Wahindi wanaanza na lango!"

"Eh, Bahindi bao iko na mungu ndani. Weye uko na kitanda."

Maneno ya yule askari yalinituliza. Wavunje simba, nikawaza, mradi chumba cha ndani kibaki.

Mapigano yalipotulia tukaenda kuangalia. Simba walikuwa wazima. Nyuma yao, majani. Bati, matofali, fremu za madirisha, vyote vimekwenda.

Mke wangu akasimama kati ya nguzo. "Baba, vua viatu. Tumefika."

Jirani, yule aliyezoea kutuomba chumvi, akatoka kwake. Mlango alioufungua ulikuwa wetu, ule wa rangi ya kijani, umeikaa nyumba yake vizuri kabisa.

"Kaka! Karibuni! Tulizani mulikufa."

"Ile mulango iko yetu," mke wangu akasema.

"Ndiyo, dada. Nilichunga. Bengine bangeiba." Kisha akanigeukia. "Sasa hizi simba, mutabeba? Nilikosa tu muntu wa kunisaidia kushusha."

Nilimtazama mke wangu. Yeye alikuwa akiutazama mlango wa kijani.

Nikapanda nguzo ya kulia, jirani akanyoosha mikono chini kupokea. Simba alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.