Kadi Iliyobaki Kambani

Basi lilimshusha mgeni saa sita mchana katika mji asioujua hata kwa jina, likaondoka na vumbi lake. Hakuwa amepanga kufika hapo. Jana yake karani wa mpakani alikishika kibali chake, akakigeuza huku na huku, akasema hakisomeki: kikatafsiriwe, kipigwe mhuri, ndipo arudi. Mgeni alikuwa na lugha sita kichwani na zote zilimpatia chai popote alipokwenda, ila hakuna hata moja iliyokuwa na mhuri.

Aliulizia. Fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi ya jengo moja la ghorofa alimwonyesha juu kwa nyundo.

"Panda. Ukiona kamba za kuanikia nguo zisizo na nguo, umefika kwa Mama Vibanio. Na umwambie viatu vyake vimekwisha kushonwa tangu wiki mbili zilizopita. Mwambie navilisha sasa!"

Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, kina meza, mashine ya kuchapia, mhuri kwenye kopo lake, na dirisha moja lililotazama stendi. Ukuta kwa ukuta zilipita kamba nne, na juu yake zilining'inia kadi zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Kando ya mlango lilikuwa begi limefungwa, na juu ya begi mwavuli. Mwenye chumba alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzee, miwani imeshuka puani, miguuni kandambili.

"Fundi anasema viatu..."

"Nimemsikia. Mji mzima umemsikia. Keti, mwanangu. Lete karatasi."

Alikisoma kibali kwa sauti tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo akaweka karatasi kwenye mashine. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake kwa miaka thelathini: hachapi kitu ambacho mwenye nacho hajakisikia. Na kwa neno lililomsumbua alikuwa na utaratibu mwingine. Aliliandika kwenye kadi na tafsiri yake, akalibana kambani, na kila mteja aliyekuja nalo alisomewa. Wateja watatu wakilikubali bila kusitasita, kadi inashuka na kuingia kwenye sanduku. Asipofika wa tatu, kadi inabaki hewani.

Mgeni alizunguka akisoma, maana hakuwa mtu wa kukaa kitini. Kamba ya mwisho ilimsimamisha. Vibanio vilikuwa saba, lakini sita vilikuwa vitupu. Kadi moja tu ilibaki, imegeuka rangi ya chai.

"Hizo nyingine zilishuka zamani," alisema Mama Vibanio bila kuinua kichwa. "Neno ni moja, la Kiingereza, hili ambalo vijana wamelichukua mzimamzima wanasema nimekumisi. Usidhani ni neno, mwanangu, hilo ni kabila. Ukichelewa basi, ni hilo. Ukitupa jiwe likapita pembeni, hilohilo. Kutofika kwenye kikao, hilo. Kuruka mstari unaposoma, hilo. Gari likiponea chupuchupu, hilo. Hata mwalimu wa kike watoto wanamwita hivyohivyo. Zote sita nimezipatia tafsiri, zikashuka."

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo ile ya mtu aliye mbali."

Mgeni alisogea. Kwenye kadi palikuwa na maneno yaliyoandikwa na kukatwa, moja chini ya jingine. Kukumbuka. Kutamani. Kuwa na hamu naye. Kumkosa. Kuona upweke. Chini kabisa palikuwa patupu.

"Kukumbuka si mbaya," alijaribu mgeni.

"Unaweza kumkumbuka mtu ukacheka, ukaendelea kula. Wewe kwenu unasemaje?"

Alimwambia. Katika lugha moja, alisema, ni yule aliye mbali ndiye anayempungukia mwenye kubaki. Katika nyingine hawana neno, huvuta pumzi tu na kutaja jina. Mama Vibanio alisikiliza kwa makini ya mtu anayeonja chumvi, halafu akatikisa kichwa.

"Na nani anakupungukia wewe?"

Mgeni alicheka, akasema huwa hakai mahali muda wa kutosha. Kicheko hakikufika mbali.

Kibali kilipochapwa nusu, mama alisimamisha mashine. Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa hata mikunjo imeanza kupasuka. Ilikuwa barua ya Kiingereza, fupi, ya mwandiko wa msichana. Pembeni kulijaa wino mwekundu.

"Binti yangu," alisema. "Tangu akiwa mdogo nilimfundisha kwa barua. Ananiandikia Kiingereza, anaiweka chini ya sahani yangu, namsahihishia kwa kalamu nyekundu, narudisha chini ya sahani yake. Ndivyo tulivyokuwa tukipendana sisi. Akaenda kufanya kazi mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Barua yake ya kwanza ndiyo hii. Ananiambia hilo neno. Mimi nikafanya nini?"

Mgeni alisoma pembeni: *Neno hili lina maana nyingi. Unakusudia ipi?* Halafu orodha ya maneno matano, ileile ya kwenye kadi. Na chini yake: *Andika upya.*

"Ukaituma?"

"Nikaituma. Na stempu nzuri nikachagua." Alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na kitu. "Hakuandika upya. Miaka kumi na moja. Mwezi uliopita imerudi, na tiketi ndani. Geuza."

Nyuma, kwa penseli, mkono mwingine, wa mtoto, ulikuwa umenakili maneno yote matano, na mbele ya kila moja umeweka alama ya vema. Kisha sentensi moja: *Bibi, mimi yote, na sijakuona bado.*

"Mjukuu wangu. Ana miaka tisa. Basi linaondoka kila Alhamisi saa nane mchana. Binti yangu amekwenda kunipokea mara mbili, nikawa sipo. Ametuma salamu kwa dereva: basi la leo ndilo la mwisho atakalokwenda kulipokea stendi."

"Begi si hilo hapo?"

"Begi lipo. Siliogopi begi." Alinyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kama wa jirani. "Siku nilipoisoma sentensi ya mtoto, ina kosa dogo, basi mkono huu ukaenda kwenye kalamu nyekundu. Wenyewe! Sasa nikifika, mtoto akafungua kinywa, nikamsahihisha? Nilijiambia, kadi ile ikishuka, nikiwa na jibu la yale niliyomuuliza mama yake, hapo nitakwenda."

Mlango uligongwa kabla mgeni hajapata la kusema. Aliingia seremala mzee, vumbi la mbao kwenye nyusi, ameshika bahasha kwa ncha za vidole asiichafue. Kijana wake alioa ugenini, na mkwe ndiye mwandishi wa barua. Mama Vibanio alimsomea taratibu: wazima, mtoto ameota meno, na mume wangu, anasema mkwe, kila jioni, halafu likaja lile neno.

"Kila jioni anakukumbuka," alitafsiri, akamtazama. Mzee alisita.

"Ananikumbuka tu?"

"Anakutamani. Ana hamu nawe." Mzee bado alisita, akikuna shingo. "Haya, na wewe unataka nimjibuje? Sema unavyosema nyumbani, nitatafuta neno mwenyewe."

Seremala alifikiri, macho sakafuni.

"Mwandikie chumba chake sijakipangisha."

Mama aliweka barua mezani. Chini fundi viatu aligonga msumari mmoja.

"Basi?" aliuliza mama.

"Basi. Kitanda nilikitengeneza upya mguu mmoja, lakini hilo si lazima uandike."

Mama Vibanio aliyachapa maneno hayo kama yalivyotoka, na la kitanda akaliandika. Hakutafuta neno. Alimsomea, mzee akasema "ndiyo" kabla sentensi haijaisha, akaondoka na barua yake. Kwenye saa ya ukutani zilibaki dakika ishirini kufika saa nane.

Alimalizia kibali cha mgeni bila kuketi, akakisoma, akabamiza mhuri hadi kopo likaruka. Kisha akaenda dirishani.

"Fundi! Lete viatu!"

"Nimeshavivaa!"

"Vivue, mpumbavu wewe, nasafiri!"

Fundi alipanda ngazi mbilimbili, viatu mkononi, uso umechangamka, akapiga magoti kumfungia kamba. "Dada, nilishaanza kuvizoea," alisema akikaza fundo.

Hata akiondoka sasa, mgeni asingemkuta karani wa mpakani hadi asubuhi. Mama alimpa mgeni ufunguo alale hapo. "Wakija wateja waambie sijui narudi lini. Na hii," alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitia kwenye kopo la mhuri, "usinikimbilie nayo stendi, wala usinipe hata nikirudi kuiomba."

Barua akaifunga kwenye leso, akashuka na fundi amebeba begi. Kutoka dirishani mgeni aliliona basi likirudi nyuma, likageuka. Mama alikuwa kiti cha nyuma, midomo inacheza, anajizoeza kitu, au ananyamaza kwa bidii. Hakutazama juu.

Mgeni alirudi kwenye kamba. Kadi ilikuwa palepale. Alijikuta akitaka kumwuliza kitu kuhusu neno la tatu, akageuka, na kiti kilikuwa kitupu.