Mleta Barafu

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Novemba, kadi ya Bernadine Kucera ilifika kwa posta, na kila mwaka mkwewe Rhonda aliifungua palepale kwenye sanduku la barua, upepo ukimpiga, kwa sababu hakuwa na subira ya kuingia ndani. Ilikuwa orodha ya Sikukuu ya Shukrani: nani analeta nini. Bernadine mwenyewe, bata mzinga. Binti yake Colleen, pai za maboga. Mjomba Leonard, viazi vya kuponda. Na chini kabisa, kwa mwandiko safi wa mwalimu mstaafu: Rhonda, barafu na tishu za mezani.

Miaka kumi na tisa, barafu na tishu. Sasa, huku Nebraska barafu hapewi mtu yeyote tu. Hupewa kijana aliyehama kwao juzi na hana hata sufuria. Hupewa binamu anayefika watu wameshaanza kuosha vyombo. Mtu akiambiwa alete barafu, ajue kwamba haaminiwi kushika mwiko.

Kosa la Rhonda lilikuwa moja, tena la mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Bata mzinga wa dukani huja na vitu vyake vya ndani vimefichwa sehemu mbili: shingo imesukumizwa tumboni, na maini na firigisi vimo kwenye kimfuko cha plastiki upande wa pili, chini ya ngozi ya shingo. Rhonda alitoa shingo, akadhani kazi imekwisha. Mjomba Leonard alipoanza kukata, mbele ya watu ishirini na wawili, kisu kilitoka na kimfuko kilichoyeyuka, naye akakiinua juu kama mvuvi anayejisifu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bernadine hakucheka. Alimbeba yule ndege hadi kwenye pipa la taka kwa mikono yake mwenyewe, na ukoo mzima ukala viazi na pai.

Tangu siku hiyo Leonard hajawahi kumwona Rhonda bila kumuuliza, "Rhonda, umekagua mfuko?" Anauliza hata Rhonda akiwa amekumbatia barafu.

Na Rhonda si mwanamke wa kudharaulika. Huendesha basi la shule la manjano, namba tisa, kwenye tope na kwenye theluji, watoto thelathini na saba, na hajawahi kumsahau hata mmoja njiani. Ana mabega mapana na kicheko kinachofika nyumba ya tatu. Kila Januari, watu wakiwa wameshawachoka bata mzinga, yeye hununua mmoja na kumwoka kwake kimyakimya. Wamekwisha kuwa kumi na wanane. Aliyewala ni mumewe Duane, njemba ya miraba minne ambaye humwangusha ndama kwa mkono mmoja lakini mbele ya mama yake hunywea kabisa. Duane alikula, akalamba vidole, na mbele ya mama yake hakusema neno.

Mwaka huu nyumba ilikuwa na mtu wa tatu. Begimai, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana wanafunzi kutoka milima ya Kirgizia, alishuka Agosti na sanduku moja na zawadi ya kofia ya sufu ambayo Duane aliivaa hadi kwenye trekta. Kufikia Septemba alikuwa anamwita Rhonda Mama bila kufikiri.

Jioni ya Halloween, watoto wanapovaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, alimwomba Rhonda amwachie mlango. "Watoto wakigonga, mpe kila mmoja peremende moja," Rhonda alimwambia, akaenda kuoga. Moja? Kwao mgeni haondoki na peremende moja. Begimai alichota kwa viganja viwili. Jua halijazama vizuri, bakuli lilikuwa tupu, na mlangoni wamesimama mizimu wawili na nyuki mmoja wamefungua mifuko yao. Msichana hakuweza kuwafukuza. Alikwenda stoo akarudi na viazi. Rhonda alipotoka bafuni alimkuta anampa mzimu wa mwisho kiazi kikubwa kwa mikono miwili, na mzimu anasema asante. Kesho yake basi zima lilikuwa na habari moja tu, ya viazi, na Rhonda alicheka hadi ikabidi asimame kando ya barabara apanguse macho.

Siku tatu baadaye ndipo kadi ilipofika, nayo ilikuwa na mstari mpya. Msichana: skonzi.

Rhonda aliisoma mara mbili. Aliingia jikoni akaibandika kwenye friji, akajifanya anatafuta maziwa.

"Mama, umekasirika," Begimai alisema.

"Sijakasirika. Umepewa skonzi. Hongera."

"Na wewe?"

"Barafu. Nina kipaji cha barafu."

Begimai aliisoma orodha kutoka juu hadi chini, polepole, halafu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona kitu cha kwao. "Hii naijua. Kwetu kondoo akichinjwa, kila mfupa una mwenyewe. Bibi mkubwa anapewa wa mkiani, wazee wa kiume wanapewa wa paja, na sisi watoto yanayobaki. Ukiona mfupa mkononi mwa mtu, unajua cheo chake." Aliweka kidole chini ya kadi. "Barafu ni mfupa gani?"

"Ule anaotupiwa mbwa, mwanangu," Rhonda alisema, akacheka, lakini kicheko kile hakikufika hata nyumba ya kwanza.

"Mimi nimekuja Agosti. Wewe una miaka kumi na tisa. Siwezi kukupita, Mama. Kwetu ni aibu."

"Lete skonzi zako. Usinianzishie vita."

Lakini iliuma, tena iliuma sana. Bernadine alikuwa ametimiza miaka themanini na moja. Rhonda hakutaka kuombwa msamaha wala kusifiwa mwaka mzima. Alitaka mara moja tu, mama mkwe wake akiwa bado na meno ya kutafunia, amwone anakula bata mzinga aliyeokwa na mikono yake. Na mwaka baada ya mwaka nafasi ilikuwa inapungua.

Sherehe safari hii ilikuwa kwa Colleen, huko Cheyenne, katika jimbo jirani la Wyoming, mwendo wa saa sita kuelekea magharibi. Waliondoka Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu, Rhonda kwenye usukani, Bernadine mbele kwa ajili ya nyonga yake, Duane na Begimai nyuma na trei ya skonzi kati yao. Kwenye buti alikuwemo bata mzinga wa Bernadine, kilo kumi na moja, ameshapakwa chumvi na kulazwa ndani ya boksi la baridi, kwa sababu Bernadine hamwamini ndege wa Wyoming. Juu ya boksi kulikuwa na mifuko miwili ya barafu.

Begimai alibandika uso dirishani. Alihesabu treni za mizigo, akashangilia kila jina la mji lililoandikwa kwenye mnara wa maji, na kwenye kituo cha mafuta alinunua postikadi yenye picha ya mahindi, akasema hajawahi kuona watu wanaojivunia mahindi kiasi hiki. Hata Bernadine alitabasamu kidogo.

"Msichana ana macho," alisema. "Rhonda, punguza mwendo."

"Niko maili sitini tu, Mama."

"Punguza tu."

Kabla ya adhuhuri theluji ilianza, kwanza kama unga, kisha kama mtu anayemwaga gunia. Wakiwa karibu na mpaka wa Wyoming walikuta geti la barabara kuu limeshushwa na polisi anayaelekeza magari yatoke. Barabara imefungwa, alisema, na leo haifunguliwi. Rhonda alilitoa gari taratibu, bila kuteleza hata shibiri moja, hadi kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa umefunguliwa kwa wasafiri. Wakalala humo kwenye vitanda vya kukunja, pamoja na madereva wa malori, wanajeshi wawili na mke na mume wenye mtoto mchanga.

Alhamisi asubuhi geti lilikuwa bado chini. Mchungaji alisimama katikati ya ukumbi akisugua mikono. Oveni kubwa ipo, alisema, viazi vipo, maharage ya kopo yapo, lakini akina mama wanaopika wako mashambani na theluji imewafungia. Watu thelathini na mmoja walimtazama.

"Nina ndege," Bernadine alisema.

Duane alileta boksi jikoni, na barafu ikaja pamoja nalo. Dereva mmoja wa lori aliiona mifuko ile, akatazama dirishani, theluji imefika magotini, akamtazama tena Rhonda. "Dada, samahani. Wewe ndiye uliyeleta barafu?" Ukumbi wote ulipasuka kwa kicheko, na Rhonda naye akacheka, ungefanyaje.

Jikoni Bernadine alikataa msaada. Alivaa aproni, akaingiza mikono kwenye boksi, akamwinua bata mzinga hadi nusu. Akamponyoka. Alijaribu tena. Hapo Rhonda aliviona vidole vya mama mkwe wake vizuri kwa mara ya kwanza: vimepinda kwenye viungo, vinatetemeka, havikunji. Mwanamke huyu amekuwa akivificha ndani ya glavu na mifuko ya koti, mwaka wa ngapi sasa? Rhonda alitaka kusogea, akaogopa. Duane alikuwa anachunguza dari.

Begimai ndiye aliyekuja. Alimshika bibi kiwiko, kwa upole lakini kwa uhakika, kama mtu aliyelelewa na wazee.

"Bibi, kwetu mwenye umri mkubwa hasimami jikoni. Anakaa mbali na mlango, kwenye joto, na nyama inaletwa mbele yake. Akisimama kupika, sisi wengine tunachekwa na kijiji kizima. Usitufanye tuchekwe."

Bernadine alimgeukia. "Na nani atamwoka?"

Ndipo Duane, Mungu ambariki, akashusha macho kutoka kwenye dari.

"Rhonda, Mama. Ameshaoka kumi na wanane. Nimewala wote."

"Kumi na wanane?"

"Kila Januari."

"Na mimi mnaninyima?"

"Hukuniuliza, Mama," Rhonda alisema.

Bernadine alivua aproni kwa shida, akamkabidhi. Lakini hakutoka. Alivuta kiti karibu na mlango wa jiko, akaketi, macho yote kwa Rhonda.

Rhonda alinawa, akamwinua yule ndege mara moja tu, akamlaza kwenye trei. Tumboni palikuwa safi. Kisha, kwa mazoea ya Januari kumi na nane, akapitisha vidole upande wa pili, chini ya ngozi ya shingo, na vidole vikagusa plastiki.

Kimfuko kilikuwemo. Bernadine alimpaka chumvi ndege huyu kwa vidole vile visivyokunja, na hakufika huko.

Tuseme ukweli, mimi ningekiinua juu. Ningeita ukumbi mzima uje uone. Miaka kumi na tisa! Rhonda alihisi damu imempanda hadi masikioni. Akageuka akamwona Bernadine kwenye kiti, mikono imefichwa chini ya kwapa, uso umekuwa mweupe. Alikuwa ameona. Anangoja.

Rhonda alikifunga kimfuko ndani ya tishu moja ya mezani, akakitumbukiza kwenye pipa.

"Begimai," alisema, "niletee siagi."

Saa nane mchana bata mzinga alitoka, rangi ya asali, ngozi inalia chini ya kisu. Begimai aligawa nyama kwa utaratibu wake, mkubwa kwanza, akauliza watu umri wao bila aibu, na madereva wa malori wakajipanga wakitaniana kama watoto wa basi namba tisa. Skonzi zililiwa zote. Maji ya kunywa yalikuwa na barafu. Mtoto mchanga aliramba mchuzi kwenye kidole cha baba yake, akataka tena. Bernadine alikaa mbali na mlango, kwenye joto, akatafuna kipande chake polepole hadi kikaisha, kisha akasukuma sahani mbele.

"Niongezee," alimwambia Rhonda.

Rhonda alimwongezea. Ilibidi ageuke kidogo, machozi yasidondoke kwenye nyama.

Simu ya Duane ililia. Alikuwa Leonard, kutoka Cheyenne, ambako walikuwa wanakula nyama ya nguruwe ya kopo. Duane aliweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

"Kwa hiyo kapika Rhonda?" Leonard alikuwa tayari anacheka. "Hebu mpeni simu. Rhonda, umekagua mfuko?"

Bernadine alinyoosha mkono wake uliopinda, mbele ya watu wote, akaivuta simu kwake.

"Amekagua, Leonard. Kaukuta. Ulikuwa wangu. Na andika hapo ulipo usije ukasahau. Mwaka ujao barafu naleta mimi."