Rangi Chini ya Antena

Mume wangu amekuwa akiunda bodi za mabasi Thika tangu kabla hatujaoana, na ugonjwa wa kazi hiyo ni rangi. Akitoboa bati, hanywi chai kabla hajalipaka. Hata bawaba za choo chetu hapa Murera zimepakwa, na ukifungua mlango unalia kama paka.

Basi alipojenga ndege ya watu wawili chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, sikushangaa kuona ndani yake kunapendeza kuliko sebule yangu. Majirani walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka mkaguzi wa ndege alipokuja akasema kila kitu kiko sawa, imebaki redio tu. Hapo kicheko kikaniisha. Nilimwambia mume wangu mbele ya mgeni, bila kutafuna maneno: huruki kama sikusikii. Alikuwa amejifunza urubani Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka, na hakuna alichokitamani kama kuirusha hiyo ya kwake. Akakubali.

Mgongo wa ndege ni wa kitambaa, na antena haisimami juu ya kitambaa. Akakata kibati cha alumini, upana wa sinia, akakifunga kwa ndani, akakitoboa katikati, akasimamisha antena juu yake. Mimi nilishika spana nikiwa nimejikunja nyuma ya viti, shingo inauma, namtukana kwa Kiluhya asichokijua.

"Mama watoto, kaza porepore!" akanipigia kelele. Herufi ya l kwake haijawahi kupata makao.

"Nimekaza porepore!" nikamjibu, na ndege nzima ikatikisika kwa kicheko.

Kisha nikaenda na redio ya mkononi mpaka mwisho wa shamba la mahindi, yeye akiniita kutoka ndani ya ndege. Nilisikia mkwaruzo tu, kama mtu anayekaanga samaki. Akabadilisha waya, hola. Akafungua redio yenyewe, akaifunga, hola. Siku zikapita na chakula anakigusagusa tu. Nilimhurumia sana, mtu mzima ameinama pale akiongea na ndege isiyotaka kumjibu.

Mwishowe akamwita fundi wa redio kutoka Mwihoko. Fundi alipima hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii kitu haina ethi."

"Ethi ya nini, na ni ndege?" nikadakia. Ethi niliyoijua mimi ni ule waya wa stima unaozikwa ardhini.

"Hata ndege, mathe. Mguu wa antena lazima ushike bati tupu, hilo bati ndilo ardhi yake. Hapa chini mliweka nini?"

"Praima, halafu rangi mara mbili," mume wangu akasema kwa fahari.

"Sasa si umeiziba! Kwangua yote hapo."

"Aai! Bati ribaki uchi?" Ungedhani ameambiwa avue shati mbele ya wakwe.

Hakuweza. Alinipa msasa akageuka kutazama ng'ombe wa jirani. Nilisugua mimi mpaka alumini ikang'aa, tukarudisha antena, nikakaza, nikashika tena njia ya mahindi.

Sauti yake ilikuja safi mno, hata nikageuka kuangalia kama amenifuata.

"Mama watoto, unanisikia?"

Nilisimama pale na redio mkononi. Siku zote zile nilidhani ninaomba redio ipone. Kumbe nilikuwa nimeuzoea mkwaruzo ule, kwa sababu ndio uliomweka chini, karibu nami. Ningenyamaza, angeamini redio bado ni mbovu.

Akauliza tena, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

Nikabonyeza. "Nakusikia, baba watoto," nikasema, machozi yananitoka. "Nakusikia vizuri sana. Unaweza kwenda."