Nyuki wa Rungwa Waliokwenda Vitani

Harufu ya nta ikiyeyushwa jikoni, jamani, hunirudisha Rungwa kabla hata sijafumba macho. Na ikinirudisha tu, nakutana na jambo nililoliamini kwa moyo wangu wote nikiwa mtoto: kwamba nyuki wa kwetu waliandikishwa jeshini kwenda kupigana na makaburu wa Afrika Kusini. Usicheke kwanza. Binamu yangu Shabani, aliyenizidi kimo na uongo, alinihakikishia kwamba nyuki wa Rungwa akishaonja ua la mti uitwao mtundu anaweza kumnusa mbaguzi kutoka porini kwetu hadi Johannesburg, na kwamba mmoja wao alikwisharudi likizo akiwa na cheo cha koplo. Nikamuuliza cheo hicho anakivaa wapi. "Begani," akajibu bila kupepesa macho. Nikaridhika. Tangu siku hiyo nyuki akipita nilikuwa nasimama wima na kumpigia saluti, na wengine waliijibu kwa mwiba.

Uvumi ule haukuzuka hewani. Kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kutoa asali kwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini. Jioni watu walijaa kwa mwenyekiti wa kijiji kusikiliza redio, nao walisikia jinsi watu weusi wanavyofukuzwa kwenye nyumba zao na kupigwa risasi katika nchi yao wenyewe. Mwenyekiti mwenyewe, mzee mwenye kifua kibovu, hakuhitaji redio. Ujanani alikwenda kuchimba dhahabu kulekule.

"Nilikuwa na ndevu hizi," alituambia akizishika, "na katoto ka kizungu, hata kamasi hakajui kujifuta, kananiita boi, eti mtoto. Boi, njoo! Na mimi naenda!"

Alilisema hilo kwa hasira kana kwamba limetokea asubuhi ile, na uwanja mzima ukawa unanguruma kama mzinga uliopigwa teke.

Sasa, kwetu mzinga hutundikwa porini, mbali, wala hauna mlinzi. Kinachoulinda ni alama aliyoichonga mwenye mzinga ubavuni mwake. Ndiyo maana siku ya kutoa ilipangwa hivi: kila mrina asali alete debe lake uwanjani, mwenyekiti atangaze jina lake na alama yake, watu wapige makofi. Na alama ikishatangazwa mbele ya watu wote, basi, imekwisha. Hakuna tena wa kuja kudai mizinga ile.

Hapo ndipo kilipoanzia kisa chetu. Baba alikuwa amefariki, akatuachia mizinga yake na jina zuri, na jina zuri halisongwi ugali. Mdogo wake, baba mdogo Maulidi, akasema mizinga ni yake, maana mwanamke hapandi mti wala hachongi alama. Akishaitwaa, sisi tungebakiwa na safari ya kurudi kwa wajomba, tukale kwa kuvumiliwa.

Mama alimsikiliza hadi mwisho huku anapepeta mtama. Kesho yake akavaa suruali ya marehemu baba, akaikaza kiunoni kwa kamba, akabeba kishoka na ndoo.

"Rajabu," akaniambia, "shika moto. Tunakwenda porini."

Nakwambieni, ule mti aliopanda mama ulikuwa mrefu kiasi kwamba mawingu yalikuwa yanaukwepa. Mimi chini napuliza moshi, natoa amri kwa sauti ya kijeshi: "Msimguse! Huyo ni mama!" Askari gani wale, hawakutii hata kidogo. Mama alishuka uso umevimba hadi kivuli chake nacho kikavimba. Lakini alishuka na asali, na ubavuni mwa kila mzinga aliacha amechonga chungu.

"Kwa nini chungu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ndicho kitakachowalisha."

Siku ya kutoa, akajipanga kwenye mstari wa wanaume, debe kichwani. Wengine walijifanya wanaangalia ndege. Zamu yake ilipofika, baba mdogo akachomoka mbele.

"Mwenyekiti, debe hilo litangazwe kwa jina langu. Shemeji amenisaidia tu kubeba. Mwanamke ni kama mtoto, mali yake anashikiwa na wakubwa."

Wanaume wakacheka. Mama hakulishusha debe.

"Shemeji," akasema, "nitazame usoni. Uvimbe huu nao ni wako?"

Sasa wakacheka wanawake, na hicho kilikuwa kicheko cha namna nyingine kabisa. Mama akamgeukia mwenyekiti, akapiga goti kidogo, debe likiwa bado kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Kule kusini ulikuwa na ndevu, wakakuita boi. Mimi nimezaa, nimezika mume, nimepanda mti, na hapa naitwa mtoto. Asali hii tunaipeleka kumpinga nani hasa?"

Mwenyekiti akakohoa, akakohoa tena, na baba mdogo akaona huo ndio upenyo wake.

"Mwenyekiti, mila zetu..."

"Nyamaza, Maulidi! Hata wale kule walinieleza habari za mila." Akampokea mama debe kwa mikono yake mwenyewe. "Alama yako ni ipi?"

"Chungu."

"Na jina lako?"

Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akimuuliza. Kwa watu wote alikuwa Mama Rajabu, au mke wa marehemu.

"Mwajuma binti Salumu."

Mwenyekiti akalitangaza jina hilo kwa sauti iliyopasuka katikati. Wanawake walianza kupiga makofi, wanaume wakafuata mmoja mmoja, na vigelegele vikapigwa hadi, nadhani, Tabora walitoka nje kutazama. Baba mdogo naye mwishowe alipiga makofi, ingawa alipiga kama mtu anayeua mbu.

Lori lilipoondoka na madebe, nililikimbilia nikipiga saluti. Niliamini askari wetu wamo ndani. Miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi, nimekaa darasa la jioni na vijana wa umri wa wanangu, mwalimu alituuliza ubaguzi ni nini. Wenzangu walitaja nchi za mbali. Mimi nilimwona mama na debe lake, kashindwa kukubali kwamba haki ni kitu cha kupakia kwenye lori na kupeleka kwa wengine tu. Niliandika majibu kurasa nyingi, na mwalimu alilalamika kwamba nimemmalizia wino mwekundu.

Mwezi uliopita nilikuwa nawasimulia wajukuu vita vya nyuki, nimefika kwenye yule koplo, wametoa macho. Mama, siku hizi mzee sana, alikuwa pembeni anachambua mchicha.

"Rajabu, acha kuwadanganya watoto," akasema bila kuinua kichwa. "Iliyokwenda ni asali, ya kuwapaka majeruhi vidonda. Nyuki hawakwenda popote. Walibaki kwenye mizinga yangu."